Jinsi ya kufanya taasisi za mpakani zifanye kazi pamoja, mizigo isilale

Lori likifika mpakani halikutani na mtu mmoja. Kuna forodha, kuna uhamiaji wanamtaka dereva, kuna watu wa viwango, wa chakula na dawa, wa afya ya mimea, wa mifugo, mara nyingine wa mionzi, kuna mizani, bima, polisi, na pengine serikali ya mtaa na ushuru wake. Kila mmoja ana sheria yake iliyomleta pale, ana bosi wake makao makuu, ana fomu yake na muhuri wake, na ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia kazi yangu mimi ni nusu saa tu. Na mara nyingi anasema kweli kabisa. Sasa kama kila mtu ni nusu saa mbona lori limelala siku mbili? Muda umepotelea katikati, kwenye kungoja. Huyu hawezi kuanza mpaka yule amalize, yule katoka, karatasi iko kwenye meza ya mtu ambaye hata hajui kama imeletwa.

Hapo kwenye kungoja ndipo pa kuanzia, na kinachonipa moyo ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo kazi haihitaji jengo jipya wala mkopo. Inahitaji watu waliopo pale pale kituoni wakubaliane nani anafanya nini, saa ngapi, na kwa karatasi ipi. Haya maelekezo nimeyaandika kwa wakuu wa vituo, maafisa wanaokaa kaunta, mawakala wa forodha, vyama vya wasafirishaji na wafanyabiashara, yaani mtu yeyote anayeweza kusukuma jambo likaenda hata kama cheo chake ni kidogo.

Pima kwanza

Watu wakiambiwa mpaka wao ni mzito wanakimbilia kuitisha semina. Usianze na semina. Anza kwa kujua muda unapotelea wapi, maana bila namba mkononi kila taasisi itamnyooshea mwenzake kidole na kikao kitaisha watu wamenuniana. Shirika la Forodha Duniani lina mwongozo mzima wa hili zoezi la kupima muda tangu mzigo unafika mpaka unaachiliwa. Na Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ule uliokubaliwa Bali Desemba 2013 ukaanza kutumika 22 Februari 2017, kifungu chake cha 7 unahimiza nchi zipime wastani wa muda huo na kuutangaza. Kwa hiyo ukimwendea mkuu wa kituo na hili wazo hauendi na kitu cha kujitungia, kama nchi yake imeridhia mkataba basi ameshahimizwa, ni vile tu hakuna aliyemkumbusha.

Zoezi lenyewe ni jepesi kuliko linavyosikika. Tengeneza karatasi moja inayosafiri na lori tangu linaingia uwanjani mpaka linatoka getini, na kila ofisi linayopitia iandikwe nyakati tatu: saa karatasi zilipopokelewa, saa afisa alipoanza kuzishughulikia, na saa alipomaliza. Wengi wanaharibia hapa, wanaandika saa ya muhuri peke yake, halafu data ikija huwezi kujua kama afisa alikagua saa tatu nzima au alikagua dakika kumi na mafaili yakalala mezani muda wote uliobaki. Ongeza na sehemu moja ndogo ya kuandika kilichokuwa kinasubiriwa: malipo hayajaingia, cheti hakijaja, afisa hayupo, mtandao umekata, dereva mwenyewe haonekani. Ndiyo, andika na makosa ya dereva na wakala, kwa sababu kuna masaa mengi yanapotea wakala hajalipa au kawasilisha makaratasi nusu, na maafisa wakiona hata upande wa biashara unaandikwa wanalikubali zoezi bila kinyongo.

Pima angalau wiki nzima, usiku na wikendi vikiwemo, na uchanganye mizigo, ya transiti (inayopita tu kwenda nchi nyingine), ya mafuta, ya mazao, bidhaa za kawaida za kontena. Wanaoandika wasitoke taasisi moja tu, wachanganyike. Kama jirani wa ng'ambo anakubali, pimeni siku zile zile pande zote mbili, kwa mwenye mzigo hiyo ni safari moja tu na hasara ya kuchelewa ni moja.

Mkimaliza, kabla ya kukimbilia wastani, chukueni lori moja la kawaida mchore siku yake ilivyokwenda. Mfano wa kufikirika uwe huu. Lori limeingia saa mbili asubuhi. Forodha wameanza saa mbili na dakika ishirini, wamemaliza saa tatu na nusu. Karatasi zimefika kwa mtu wa mimea saa nne kasoro dakika ishirini lakini alikuwa shambani kukagua kitu kingine, ameanza saa nane mchana amemaliza saa nane na dakika ishirini na tano. Watu wa viwango wameanza saa kumi jioni wamemaliza saa kumi na nusu. Wakala anakwenda kulipa ada ya viwango benki imeshafunga, analipa kesho yake asubuhi, lori linatoka getini saa nne. Jumla ni saa 26, na kazi yenyewe iliyofanywa na watu wenye utaalamu wao ni saa mbili na dakika tano. Ukiweka mchoro wa namna hii mbele ya wakuu wa taasisi sita hamna anayebishana tena, wanaanza wenyewe kuuliza sasa kwa nini yule wa mimea aliitwa kwa kuchelewa, kwa nini benki, kwa nini viwango hawakukagua pamoja na mimea wakati mzigo ni ule ule. Zile karibu saa 24 zilizobaki hazina mwenyewe, na ndiyo maana miaka yote hakuna aliyezigusa.

Kikao chenye kazi ya kufanya

Ule mkataba wa WTO unataka kila nchi iwe na kamati ya taifa ya uwezeshaji biashara, iko kifungu cha 23, na kifungu cha 8 kinataka mamlaka zote za mpakani zishirikiane, hii sio hiari ya forodha peke yake. Nchi nyingi kamati ya taifa wanayo. Shida ni kwamba iko makao makuu, inakutana mara chache, na wanaokaa pale hawajui kwamba kituo fulani kina jenereta bovu au kwamba mtu wa mifugo ni mmoja na anahudumia vituo viwili. Kwa hiyo mpakani penyewe inatakiwa kamati yake, na iwe na mambo matatu la sivyo itakuwa kikao cha kunywa chai.

La kwanza iwe na mwenyekiti anayejulikana kwa barua, sio kwa kuheshimiana. Kwenye vituo vingi forodha ndio wenye watu wengi na sistimu kubwa kwa hiyo wanaangukia wao, kwingine ni uhamiaji au ofisi ya utawala wa eneo, mimi sina tatizo na yeyote ilimradi imeandikwa na makao makuu ya wote wamesaini. Mkuu wa kituo asiye na barua anaweza kuomba tu, hawezi kuagiza, na siku mtu wa taasisi nyingine akiamua kufunga kaunta saa tisa hana la kumfanya.

La pili, ajenda itokane na malori. Kila kikao kianze na mizigo mitatu iliyokaa muda mrefu kuliko yote tangu kikao kilichopita, wenye kuhusika waeleze ilikwama wapi, bila kulaumiana, na mtoke na jambo moja la kubadilisha. Jambo moja tu lililoandikwa na jina la mtu na tarehe. Vikao vingi vinakufa kwa sababu vinajadili "changamoto za mpaka" kwa ujumla, na ukijadili kwa ujumla utatoka na maazimio ya ujumla ambayo hayana wa kuyatekeleza.

La tatu waingie na wasio serikali. Wakala wa forodha, mwakilishi wa madereva, wafanyabiashara wadogo wanaovuka kwa miguu au baiskeli, benki, na kama kuna mtu anayeendesha uwanja wa maegesho naye aje. Hawa ndio wanajua mambo ambayo afisa hawezi kuyaona kutoka ndani ya kaunta, kama vile lile geti la pili linalofungwa usiku bila tangazo. Tatizo lisiloweza kutatuliwa pale lipelekwe kamati ya taifa kwa maandishi, na liulizwe tena kila kikao mpaka jibu lirudi.

Sasa kuna kitu watu wanaona aibu kukisema kwenye vikao hivi nacho ni hela. Kuna taasisi ambazo sehemu ya bajeti yao inatoka kwenye ada za ukaguzi. Ukiwaambia wakague malori machache zaidi wanasikia umewaambia mapato yapungue, na watatafuta kila sababu ya kitaalamu kukataa. Usiwaite wabaya, ndivyo walivyopangiwa. Ila msijifanye hamlioni. Suluhisho ni kuongea na hazina na wizara zao ada itenganishwe na tendo la kukagua, yaani ada iwe ya kushughulikia tamko la mzigo (ile fomu ya kueleza lori limebeba nini), ilipwe lori likaguliwe lisikaguliwe, na isizidi gharama ya huduma, ambalo ni sharti la kifungu cha 6 cha mkataba ule ule. Ikishakuwa hivyo utashangaa namna upinzani unavyopungua wenyewe.

Na kuna hofu nyingine ya kupoteza mamlaka. Mtu wa viwango akisikia "ukaguzi wa pamoja" anadhani forodha watamkalia kichwani. Mwambieni wazi: uamuzi wa kitaalamu unabaki kwa mwenye taaluma. Akisema mzigo haufai, haufai. Anachokubali kugawana ni saa, mahali, na karatasi.

Ukaguzi wa pamoja unavyofanyika kweli

Hapa niende taratibu kwa sababu ndipo penye faida ya haraka kuliko pote.

Fikiria lori la mahindi au la nyanya za makopo limefungwa turubai. Kulifungua ni kazi, kamba zinalegezwa, turubai linakunjwa, vibarua wanashusha magunia ya juu ili afisa afike katikati, akimaliza yanapangwa upya, turubai linarudi, sili mpya (lakiri ya kuonyesha mzigo haujafunguliwa) inawekwa na namba yake inaandikwa. Sasa hilo likifanyika mara tatu kwa siku kwa taasisi tatu tofauti, mwenye mzigo kalipa vibarua mara tatu, mzigo umepata vumbi au mvua mara tatu, na kama ni kitu cha kuoza basi joto limeingia mara tatu. Na kila kufungua ni nafasi ya kitu kupotea.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Tamko likishaingia na mzigo ukachaguliwa kukaguliwa, mtu mmoja, muiteni mratibu wa zamu, anatuma ujumbe kwa taasisi zote zinazohusika na mzigo ule: lori namba fulani, bidhaa fulani, eneo la ukaguzi namba fulani, saa fulani. Wekeni vipindi maalum kwa siku, mfano saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, mizigo ipangwe kwenye vipindi hivyo, kila taasisi ijue kabisa kwamba saa hizo mtu wake lazima awe uwanjani. Turubai linafunguliwa mara moja. Forodha anahesabu na kulinganisha na tamko, wa mimea anachukua sampuli na kuangalia wadudu, wa viwango anasoma lebo na tarehe. Wote wanaandika kwenye fomu moja, kila mtu sehemu yake na saini yake, kopi kwa kila taasisi na moja kwa dereva. Sili inawekwa moja na namba yake ndiyo itakayosomwa mpaka mwisho wa safari.

Taasisi ambayo mtu wake hakutokea ndani ya muda mliokubaliana, wenzake wanaendelea. Hili ni gumu kulipitisha lakini bila hili mpango wote unarudi kuwa wa yule anayechelewa kuliko wote. Njia ya katikati ni kuandikiana makubaliano kwamba kwa bidhaa zisizo na hatari kubwa afisa wa taasisi nyingine aliyefundishwa anaweza kukagua kwa niaba yake, mfano forodha kuangalia lebo na tarehe kwa niaba ya viwango na kumpigia simu akiona kitu kisicho sawa. Vituo vidogo vyenye watu wachache hii ndiyo njia pekee ya maana, huwezi kuweka wataalamu nane kwenye mpaka unaopitisha malori machache.

Suala la sampuli msilisahau. Kama maabara iko mji wa mbali na majibu yanachukua siku kadhaa, ukaguzi wa pamoja wa saa moja haujaokoa kitu. Kubalianeni mapema ni bidhaa zipi zinaweza kwenda ghalani kwa mwenye mzigo zikiwa zimefungwa sili, haziuzwi mpaka majibu yatoke, huku lori likiachiliwa liendelee na kazi. Na mwenye mzigo ambaye majibu yamemkataa apewe nafasi ya kupima mara ya pili, kifungu cha 5 kinalitaja hilo.

Sio kila lori lifunguliwe

Kukagua kila kitu kunaonekana kama uchapakazi, ila afisa aliyefungua malori 80 kutwa ameyaangalia yote juu juu, na msafirishaji wa magendo anajua hilo vizuri sana. Usimamizi wa vihatarishi maana yake nguvu iende kwa mzigo wenye shaka: mwagizaji mpya asiye na historia, bidhaa ambayo thamani yake imetajwa chini sana, njia ya ajabu, uzito usiolingana na idadi. Forodha nyingi wana mistari yao, kijani unapita, njano karatasi zinaangaliwa, nyekundu unafunguliwa. Tatizo ni kwamba forodha wamekupa kijani halafu taasisi nyingine hazina mfumo wowote zinafungua asilimia mia, kwa hiyo kijani chako hakina maana.

Kazi ya kamati ni kukaa na kila taasisi itoe vigezo vyake viingizwe kwenye kuchagua kumoja. Zisizo na sistimu zianze na kijedwali cha kawaida tu: bidhaa, nchi inakotoka, mwagizaji, mara ngapi tumekagua, mara ngapi tumekuta kosa. Baada ya miezi michache jedwali litaonyesha kwamba kuna mwagizaji aliyekaguliwa kila safari na hajawahi kukutwa na kosa, na kuna bidhaa moja ambayo kila ikifunguliwa ina shida. Hapo mnahamisha nguvu. Bakizeni kiasi kidogo cha kuchagua kwa bahati nasibu hata kwa wale wazuri ili mtu asijue kwamba hatafunguliwa kamwe. Na matokeo yaandikwe kila mara, hata "hakuna kosa", kwa sababu vigezo visivyolishwa matokeo vinabaki kuwa maoni ya mtu.

Waaminifu wa muda mrefu wapewe hadhi yao, waingie haraka, wakaguliwe vitabu vyao ofisini baadaye mzigo ukiwa umeshafika. Ila hadhi hiyo itambuliwe na taasisi zote, maana kuna wafanyabiashara wana cheti cha mwagizaji mwaminifu kutoka forodha na bado wanasimamishwa na wengine watatu mlangoni.

Karatasi zitangulie mzigo

Hakuna sababu ya lori kufika ndipo watu waanze kusoma karatasi. Tamko, ankara, orodha ya mzigo, vibali na cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) vyote vinaweza kuwasilishwa lori likiwa bado barabarani, vikasomwa, ushuru ukalipwa kwa njia ya simu au benki mtandaoni, na lori likifika kinachobaki ni kuhakiki namba na sili. Wakala nao wabanwe hapa, mtu anayewasilisha lori likiwa limeshaingia uwanjani asitangulie mbele ya aliyewasilisha jana. Wekeni foleni mbili na watu watajifunza haraka.

Dirisha moja la kielektroniki, lile ambalo mfanyabiashara anajaza taarifa mara moja na taasisi zote zinasoma humo, ndilo lengo. Singapore walianza TradeNet yao Januari 1989 na kibali kilichokuwa kinachukua siku kadhaa kikawa cha dakika. Lakini kinachosahaulika kwenye hiyo stori ni kwamba kabla ya kompyuta walikaa wakakusanya fomu nyingi za taasisi wakazigeuza kuwa moja. Ukiweka kwenye mtandao fomu kumi na mbili zilizokuwa za karatasi, umepata fomu kumi na mbili za mtandaoni na sasa zinagoma umeme ukikata. Kwa hiyo chukueni fomu zote za kituo mzitandaze kwenye meza ndefu, pigieni mstari kila sehemu inayouliza kitu kinachoulizwa na fomu nyingine: jina la mwagizaji, namba ya lori, uzito, thamani. Mtakuta mengi yanajirudia. Futeni, unganisheni, halafu ndipo muwaite watu wa programu.

Wakati mnasubiri sistimu kubwa msikae bure. Jedwali moja linaloshirikishwa mtandaoni likionyesha malori yanayokuja kesho na nani anahitajika kwa kila moja linasaidia sana, hata grupu la simu la maafisa wa zamu linasaidia kwa kuitana, ingawa nyaraka za wafanyabiashara na thamani za mizigo yao zisirushwe humo, hizo ni siri za watu na zina njia zake rasmi. Muwe pia na utaratibu ulioandikwa wa kufanya mtandao ukikata: baada ya dakika ngapi mnahamia karatasi, fomu ipi, nani anaingiza baadaye. Kukata kwa mtandao kwa saa moja bila mpango kunazaa foleni ya siku nzima.

Upande wa pili wa mpaka

Yote hayo mkiyafanya vizuri upande wenu na jirani anafunga saa kumi na mbili jioni wakati nyie mnafunga saa nne usiku, malori yatajaa katikati. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwomba jirani ni saa. Saa za kazi, siku za kazi, na kalenda ya sikukuu za pande zote mbili ibandikwe wiki kadhaa mbele. Kifungu cha 8 kinataja hivyo hivyo kwa nchi zinazopakana: kulinganisha siku na saa, kulinganisha taratibu, kutumia majengo kwa pamoja, kukagua pamoja, na mwisho kabisa kituo kimoja cha pamoja. Uzuri ni kwamba unaweza kupanda ngazi moja moja, la saa mnaweza kulimaliza kwa barua.

Kituo cha pamoja ndicho kilichobadilisha Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe kwenye mto Zambezi, kilichofunguliwa Desemba 2009 kikiwa cha kwanza cha aina yake Afrika. Zamani malori yalikuwa yanalala siku kadhaa pale. Sasa lori linasimama mara moja tu upande wa nchi linayoingia, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, wa kutoka anamaliza kazi yake na kumkabidhi wa kuingia kwenye kaunta ya pili. Lakini msiangalie jengo tu. Ili afisa wa Zambia afanye kazi kwenye ardhi ya Zimbabwe na kinyume chake ilibidi nchi hizo zitunge sheria, maana bila sheria afisa akivuka mstari anakuwa mgeni kama wageni wengine, hawezi kukamata, hawezi kutoza, na wakili wa kwanza atakayejitokeza atauvunja uamuzi wake mahakamani. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina sheria yake ya vituo vya pamoja ya mwaka 2016. Kwa hiyo kama mnafikiria jengo, anzeni na wanasheria.

Kuna watu wamefika mbali zaidi bila hata kujazana jengo moja. Norwei na Uswidi tangu makubaliano ya mwaka 1959 forodha ya nchi moja inaweza kufanya kazi kwa niaba ya mwenzake, vituo wamegawana, hiki unaendesha wewe kile mimi, lori linasimama kwa mmoja tu. Na kumbuka Uswidi iko Umoja wa Ulaya, Norwei haimo, kwa hiyo ushuru na matamko bado vipo vyote. Kinachowawezesha ni kukubali kwamba kazi aliyoifanya afisa wa jirani imefanyika.

Hilo la kuukubali ukaguzi wa mwenzako ndilo gumu na ndilo lenye faida kuliko majengo. Mwaka 2020 wakati wa Korona kila mtu aliona Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita kwa sababu madereva walikuwa wanapimwa na kusubiri majibu pale pale mpakani, na cheti cha nchi moja kilikuwa hakitambuliki vizuri na nyingine. Kilichokuja kusaidia ni nchi za Jumuiya kukubaliana dereva apimwe kabla ya safari na cheti chake kisomeke kwa simu nchi zote kwenye mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo na madereva. Chukueni funzo hilo mlihamishie kwenye mizani, kwenye cheti cha afya ya mimea, kwenye alama ya ubora. Chagueni kitu kimoja ambacho pande zote mnakipima mara mbili, walete wataalamu wa pande zote waone namna mwenzao anavyopima, wakiridhika waandikiane kwamba cheti kimoja kinatosha. Mizani ni pazuri pa kuanzia, uzito hauna siasa nyingi.

Wanaovuka na mizigo midogo

Mipango mingi ya mipaka inatengenezwa kwa ajili ya malori, na mama anayevuka na magunia mawili ya nafaka anaachwa apambane na fomu ile ile ya mwenye kontena, ndiyo maana anapita porini, na huko njia za porini anakutana na unyanyasaji ambao hakuna wa kumshtakia. Afrika Mashariki kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kinatolewa pale pale mpakani. Ila cheti hicho ni cha ushuru wa forodha, bado kuna vibali vya afya na mimea, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa kwa sababu wameambiwa "hamna kodi" wakadhani hamna kitu kingine. Bandikeni ukutani kwa lugha ya watu, herufi kubwa: bidhaa gani inahitaji karatasi gani, ada kiasi gani, unalipia wapi, nani wa kumlalamikia. Wekeni dawati moja la kuwahudumia lenye mtu anayewasaidia kujaza, njia yao ya kupita itenganishwe na ya malori, na wekeni afisa wa kike kwenye upekuzi. Ada zikilipwa kwa simu na risiti ikaja kwenye simu, hela za mkononi zinapungua, na zile "ada" zisizo na jina zinakosa pa kujificha.

Ili isife bosi akihamishwa

Nimeona mambo mazuri ya mipakani yakifa namna hii: mkuu wa kituo mwenye moyo anajenga ushirikiano kwa simu na urafiki, anahamishwa, anayekuja hana namba za watu wala hajui nini kilikubaliwa, ndani ya miezi kadhaa kila taasisi imerudi kaunta yake. Kwa hiyo andikeni. Kitabu kimoja cha taratibu za kituo, kifupi, chenye vipindi vya ukaguzi, orodha ya waratibu wa zamu, muda ambao kila taasisi imeahidi kumaliza kazi yake, na makubaliano yote yaliyosainiwa. Anayehamishwa akabidhi kitabu hicho mbele ya kamati. Maafisa wapya wa taasisi zote wapewe mafunzo pamoja, chumba kimoja, kabla hawajaanza zamu, maana watu waliosoma pamoja wanapigiana simu kwa urahisi.

Na pimeni tena kila mwaka kwa karatasi ile ile na kipindi kile kile cha msimu, msilinganishe wiki ya mavuno na wiki ambayo barabara ni tupu mkajisifu bure. Matokeo yabandikwe getini na kwenye ofisi za mawakala, kila taasisi na muda wake, muda iliyoahidi na muda iliyotumia. Taasisi ambayo namba yake ni mbaya ipewe kikao kinachofuata ieleze inachokosa, kama ni mtu wa pili wa zamu ya usiku, kama ni gari la kupeleka sampuli, na maombi hayo yaende makao makuu yakiwa na saini za taasisi zote za kituo, sio yake peke yake.